Mvukuto Usiolala

Asubuhi ya tarehe 9 Septemba 1843, wanaume watano walilikokota boti la mpira juu ya tope la mlango wa Mto Weber, wakaliingiza majini na kuelekea katikati ya Ziwa Kuu la Chumvi, kwenye nyika za magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Mkuu wao, John Charles Frémont, alikuwa ofisa wa jeshi la Marekani aliyetumwa kuchora ramani za nchi ambazo wakati huo hazikuwa za serikali yake. Pamoja naye walikuwamo Charles Preuss, mchora ramani kutoka Ujerumani. Kit Carson, mjuzi wa njia za milimani. Na wenzao wawili, Bernier na Basil Lajeunesse. Chombo chao hakikuwa na mkuku, ubao wala msumari. Kilikuwa mirija minene ya kitambaa kilichopakwa mpira, iliyojazwa upepo kwa mvukuto.

Hawakuwa wamefika mbali mirija miwili ilipoanza kunywea. Haikuwa kazi ya mwamba wala mwiba. Boti walilotumia mwaka uliotangulia lilikuwa limeshonwa. Hili jipya mishono yake ilibandikwa kwa gundi tu, na gundi ilikuwa inaachia. Ikabidi mtu mmoja aache kafi, ashike mvukuto, na asiuweke chini. Wengine walipiga makafi huku maji ya chumvi yakiwarukia na kukauka mikononi na nguoni mwao, yakiacha ukoko mweupe. Mvukuto ulikuwa unapuliza upepo kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili mishono ilikuwa inautoa.

Walifika. Kisiwa walichokikuta hakikuwa na mto wala wanyama wa kuwinda, na Frémont, aliyekuwa ametarajia mengi, akakipa jina la Kisiwa cha Kuvunjika Moyo. Leo kinaitwa kwa jina lake mwenyewe. Carson alichonga msalaba kwenye jabali, nao upo hadi sasa. Jioni walikusanya magogo yaliyoletwa na mawimbi, wakawasha mioto mikubwa, na kwa kuwa maji yaliwazunguka pande zote wakalala bila hofu ya kuvamiwa. Usiku kucha ziwa lilinguruma dhidi ya miamba. Kulipokucha mawimbi yalikuwa yamepanda. Wakalipakia boti lile lile lililovuja na kurudi kwa haraka, dhoruba ikiwafuata nyuma.

Katika safari zilizoandikwa za kutumia boti la mpira la kujazwa upepo, hiyo ni mojawapo ya za mwanzo ambazo watu walilala mbali na walikotoka, wakitegemea chombo hicho hicho kuwarudisha asubuhi. Na swali lake ndilo linaloulizwa leo na kila anayetaka kufunga hema na sufuria juu ya kayaki ya upepo na kushuka mto kwa siku tatu: je, kitu hiki kitakuwa bado chombo kesho? Mnunuzi wa kwanza huhofia miba na mawe. Historia ya vyombo hivi inaonyesha kwingine: kwenye mishono, kwenye jua, na kwenye namna upepo ulivyogawanywa ndani.

Mgawanyo huo ni wa kale sana. Katika jumba la mfalme Ashurnasirpal wa Pili huko Nimrud, aliyetawala Ashuru kati ya mwaka 883 na 859 kabla ya Kristo, mafundi walichonga kwenye mawe askari wanaovuka mto wakiwa wamekumbatia viriba vya ngozi vilivyojazwa pumzi. Michoro hiyo sasa iko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Mmoja wa waogeleaji ameweka shingo ya kiriba mdomoni na anapuliza huku akiogelea. Mchongaji alijua jambo ambalo muuzaji wa leo hapendi kulitaja, kwamba chombo cha upepo hupungua, na mwenye nacho lazima akiongezee akiwa safarini.

Kwenye Mto Tigris viriba hivyo viliunganishwa vikawa kelek, chelezo cha miti kilichoelea juu ya makumi au mamia ya ngozi za mbuzi na kondoo. Ngozi ilichunwa kwa kukatwa pachache iwezekanavyo, ikatengenezwa, ikapulizwa na kufungwa kwa uzi. Mabaharia wa kelek walizipanga ngozi midomo ikiwa juu, ili inayonywea ifunguliwe na kujazwa tena bila chelezo kuvunjwa. Ngozi ziliwekwa zikiwa na unyevu, kwani ngozi iliyokauka juani hupasuka. Safari kutoka Mosul hadi Baghdad ilikuwa ya siku kadhaa za kulala mtoni, na shehena ilifika. Baghdad miti iliuzwa, upepo ukaachiwa, ngozi zikakunjwa na kurudishwa kaskazini kwa mgongo wa mnyama.

Mwaka 1847 Austen Henry Layard, Mwingereza aliyekuwa akichimba Nimrud, aliamua kusafirisha sanamu mbili kubwa mno kwa njia hiyo: fahali mwenye mabawa na simba mwenye mabawa, kila moja ikiwa na uzito wa karibu tani 10. Aliagiza vyelezo vyenye mamia ya ngozi, akataka viende moja kwa moja hadi Basra. Mabaharia walisita kwa sababu kelek ilikuwa na desturi ya kuishia Baghdad. Mwishowe walikwenda, na mawe yakafika. Pumzi za watu ndani ya ngozi za mbuzi zilibeba mzigo ambao lori nyingi za leo zisingeuthubutu.

Haikuwa hivyo kila mara. Mwaka 1855 sehemu kubwa ya vitu vya kale vilivyokuwa vinapelekwa Ufaransa ilizama karibu na Qurna, pale Tigris na Furati zinapokutana, baada ya msafara kushambuliwa njiani. Ngozi hazikuwa na kosa.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na kelek, lakini ilikuwa na mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba za nazi badala ya kupigwa misumari. Mtepe ulivuja. Mabaharia wake walikumba maji safari nzima, na kamba zilipochoka mafundi walizitoa na kuushona upya. Hakuna aliyeona aibu kwa hilo. Chombo kilichoshonwa kilisamehe kishindo cha mwamba kuliko kilichokazwa kwa chuma, na malipo ya msamaha huo yalikuwa kazi ya kila siku. Aliyekulia karibu na watu waliokumbuka mtepe angelielewa boti la Frémont mara moja, na angemuuliza kwa nini hakulishona.

Kabla ya Frémont, tatizo lilikuwa kitambaa chenyewe. Mwaka 1823 Charles Macintosh, mkemia wa Glasgow, alipata hataza ya kitambaa cha tabaka mbili zilizounganishwa kwa mpira ulioyeyushwa katika nafta. Kilizuia maji na hewa. Lakini mpira mbichi hugeuka gundi kwenye joto na kuwa mgumu kama ubao kwenye baridi. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba mpira uliochanganywa na salfa na kupikwa hautabadilika hivyo, akapata hataza ya Marekani mwaka 1844. Kila kayaki ya mpira iliyokuja baadaye ina deni kwa jiko hilo.

Mwaka huo huo wa 1844 luteni kijana wa jeshi la majini la Uingereza, Peter Halkett, alikuwa anajaribu joho. Lilikuwa joho la kuvaliwa mvua inaponyesha, limeshonwa kwa kitambaa cha Macintosh, na ndani ya upindo wake mlikuwa na mfuko wa upepo. Mwenye joho alipofika mtoni alilivua, akalitandaza, akatoa mvukuto mdogo mfukoni, na baada ya dakika chache akawa na mtumbwi wa mtu mmoja. Fimbo ya kutembelea ilipachikwa bapa ikawa kafi. Mwavuli ukawa tanga. Halkett alilijaribu kwenye Mto Thames, kisha akaenda nalo hadi Ghuba ya Biscay. Wakubwa wa jeshi walimjibu kwamba ubunifu ulikuwa mzuri sana ila haukufaa kwa matumizi ya jumla ya jeshi.

Jambo la maana zaidi katika joho lile halikuwa fimbo wala mwavuli. Halkett aliugawa upepo wake katika vyumba vinne vilivyotengana, ili kimoja kikitobolewa vitatu vibaki. Ni akili ile ile ya mabaharia wa kelek, na ndiyo inayotumika mpaka leo: kayaki nyingi nzuri zina angalau vyumba vitatu, viwili ubavuni na kimoja sakafuni.

Aliyelithibitisha wazo hilo alikuwa John Rae, tabibu kutoka visiwa vya Orkney aliyeifanyia kazi kampuni ya Hudson's Bay. Katika msafara wake wa 1846 na 1847 kwenye pwani za Aktiki alichukua boti la Halkett, aina kubwa zaidi inayobeba watu watatu. Walilitumia kutega nyavu za samaki na kuvukia, kwenye pwani yenye mawe, na Rae akaandika kwamba chombo hicho chepesi kinastahili kuwamo katika vifaa vya kila msafara. Maneno yake yana uzito kwa sababu hakuwa mtu wa kusifu vitu ovyo. Alitembea maelfu ya kilomita kwa miguu, alijifunza kwa Wainuiti kujenga nyumba za theluji, na alibeba kile tu alichokihitaji. Boti la Halkett la safari zake liko makumbusho ya Stromness, Orkney.

Kuna ukurasa wa mpira ambao msomaji wa Kiswahili hapaswi kuuruka. Mpira wa maboti hayo ya mwanzo ulitoka hasa Amerika ya Kusini. Lakini John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi la upepo mwaka 1888, dunia ikaanza kuutafuta mpira kila ulikokuwa, na mitambaazi ya mpira wa porini ikapatikana katika misitu ya Kongo na bara la nyuma ya Kilwa na Lindi. Katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, iliyodumu kuanzia 1885 hadi 1908, vijiji vililazimishwa kutoa mpira kwa bunduki. Walioshindwa kutimiza kipimo walipigwa, walitekwa, walikatwa mikono. Sekta ya vitu vya upepo ilikua kwa sehemu juu ya utomvu uliokusanywa hivyo. Inapoandikwa historia ya mpira, watu hao ni sehemu ya historia hiyo sawa na wagunduzi.

Kayaki ya upepo kwa maana ya leo ilizaliwa Ufaransa. Kampuni ya Zodiac ilianza mwishoni mwa karne ya 19 ikitengeneza maputo na ndege-puto, na soko hilo lilipodidimia ilibaki na mafundi waliojua kitambaa, gundi na upepo kuliko mtu yeyote. Mwaka 1934 mhandisi wake Pierre Debroutelle alitengeneza kayaki ya kujazwa upepo. Katika miaka iliyofuata akaunda boti lenye umbo la herufi U ambalo ukoo wake sasa unaonekana kila bandari, likiwa na askari, wavuvi au waokoaji.

Vita Kuu ya Pili ilifanya mambo mawili. Ilijaza dunia vyelezo vya mpira, na ikawalazimisha watu kulala ndani yake. Januari 1942 wahudumu watatu wa ndege ya kivita ya Kimarekani, Harold Dixon, Gene Aldrich na Tony Pastula, walianguka katika Bahari ya Pasifiki na kuelea siku 34 ndani ya chelezo kidogo kisichofika mita 2.5 kwa urefu, bila chakula wala maji ya akiba. Walifika kisiwa cha Pukapuka wakiwa hai.

Baada ya vita daktari mmoja Mfaransa, Alain Bombard, alitaka kuonyesha kwamba aliyevunjikiwa na meli anaweza kuishi kwa kile bahari inachompa. Tarehe 19 Oktoba 1952 aliondoka Las Palmas peke yake katika boti la Zodiac la urefu wa takriban mita 4.5, akaliita l'Hérétique, yaani Mzushi. Siku 65 baadaye, tarehe 23 Desemba, aliingia Barbados akiwa amepungua kilo 25. Mabishano kuhusu kile alichokula na kunywa hayajaisha hadi leo. Kuhusu boti hakuna ubishi: lilivuka Atlantiki.

Bombard huyo huyo anabeba pia habari ya kuhuzunisha. Oktoba 1958 alikuwa anajaribu chelezo cha upepo kwenye mawimbi makali ya mlango wa mto wa Étel, Brittany. Kilipinduka. Mashua ya uokoaji iliyokuja kuwasaidia nayo ikapinduka, na watu 9 wakafa. Upepo ndani ya chelezo haukuisha siku hiyo. Kudumu kwa chombo hakumaanishi kwamba kila maji yanafaa kuingiwa nacho, na anayesoma sifa za kitambaa asiisahau Étel.

Daktari wa Kijerumani Hannes Lindemann hakuridhishwa na hoja za Bombard, akaamua kuvuka mwenyewe. Mwaka 1956 alichukua kayaki ya kukunjwa ya Klepper, yenye mifupa ya mbao, ngozi ya turubai na mpira, na mirija ya upepo iliyopita ubavuni kote. Ilikuwa na urefu wa mita 5.2. Aliondoka Las Palmas Oktoba akafika kisiwa cha St. Martin baada ya siku 72. Karibu na mwisho ilipinduka usiku katika dhoruba, na Lindemann akaishikilia mgongoni gizani hadi mapambazuko. Mirija ile ya ubavuni ndiyo iliyoizuia isizame. 

Hata hivyo, waliochunguza uimara kwa undani zaidi ni wale ambao hawakutaka kuuchunguza. Juni 1972 nyangumi wauaji walitoboa jahazi la familia ya Robertson magharibi ya visiwa vya Galápagos. Watu sita waliingia kwenye chelezo cha upepo na mashua ndogo ngumu. Chelezo kilidumu siku 17, kikivuja na kupulizwa, kikivuja na kupulizwa, hadi ikabidi wote sita wahamie kwenye mashua ile ya karibu mita 3. Waliokolewa siku ya 38. Mwaka uliofuata Maurice na Maralyn Bailey waliishi siku 117 katika Pasifiki ndani ya chelezo na mashua ndogo ya upepo, vyote vya mpira. Chelezo chao kilitobolewa, viraka vikakataa kushika juu ya mpira uliolowa, na kwa majuma walilazimika kukipiga pampu mchana na usiku.

Steven Callahan alipata fundisho kali zaidi. Mwaka 1982 alikuwa peke yake Atlantiki ndani ya chelezo, akivua samaki kwa mkuki aliouunga mwenyewe. Wiki ya saba samaki aliyechomwa alivunja ncha ya mkuki na ncha hiyo ikachana mrija wa chini. Shimo lilikuwa chini ya maji, mahali ambapo gundi haina maana. Alijaribu kuziba kwa sponji, akafunga kwa kamba, kiraka kikaruka. Akafunga tena, kikaruka tena. Ilimchukua karibu siku 10 kupata kifungo kilichoshika. Wakati huo wote chumba cha juu, kilichokuwa peke yake, ndicho kilichomweka hai. Alifika Marie-Galante, karibu na Guadeloupe, siku ya 76.

Halkett angeielewa ripoti hiyo neno kwa neno: vyumba viwili, kimoja kimekufa, kimoja kinatosha.

Hao walikuwa watu wa dharura. Miongoni mwa walioifanya kayaki ya upepo kuwa chombo cha safari ya hiari alikuwa mwanamke wa Hawaii, Audrey Sutherland. Alizaliwa 1921, alilea watoto wanne peke yake, na alifanya kazi ya ushauri wa elimu kwa jeshi. Pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Moloka'i, yenye majabali ambayo ni miongoni mwa marefu zaidi duniani yanayosimama kando ya bahari, ilimvuta. Hakukuwa na barabara. Mwanzoni aliiendea kwa kuogelea huku akivuta mizigo yake nyuma kwa kamba. Baadaye alinunua mtumbwi mdogo wa upepo, akagundua kwamba sasa anaweza kukaa juu ya maji badala ya ndani yake, na hakuwahi kurudi nyuma.

Mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 59, alikwenda Alaska. Kayaki yake ilikuwa ya urefu usiofika mita 3, ya aina iliyouzwa kama kitu cha kuchezea ufukweni. Kwa siku 85 alipita karibu kilomita 1,370 za njia ya ndani ya kusini-mashariki ya Alaska, akilala kwenye fukwe na katika vibanda vya msituni. Alirudi tena na tena katika miaka zaidi ya 20 iliyofuata. Maji yale ni ya baridi inayoweza kuua, na maji kujaa na maji kupwa hutofautiana kwa mita kadhaa ndani ya saa sita.

Wenye kayaki ngumu walihofia usalama wake, na hofu yao haikuwa ya kijinga. Chombo chake kilikuwa cha polepole, upepo wa mbele ulikizuia, na chaza za miambani zingeweza kukichana. Lakini Sutherland alikuwa na hesabu nyingine. Anayesafiri peke yake hupoteza chombo mara nyingi zaidi usiku kuliko mchana: maji hujaa, chombo kilichoachwa ufukweni kinaondoka. Kayaki ngumu ya baharini iliyojaa mizigo haiinuliki na mtu mmoja. Yake aliibeba begani hadi juu ya alama ya maji, hadi miongoni mwa miti, akailaza karibu na hema. Alikwenda polepole, akakaa pwani bahari ilipochafuka, na akabeba vifaa vya kuzibia. Uaminifu wa chombo chake ulikuwa nusu katika mpira na nusu katika desturi zake, na ni vigumu kuona jinsi mtu angeweza kuutenga mmoja na mwingine.

Alaska hiyo hiyo, mwaka 1982, Dick Griffith, mwenye umri wa miaka 55, alishangaza vijana katika mbio za nyikani kwa kutoa boti dogo la upepo kwenye begi lake na kuvuka mto ambao wao walikuwa wanajiandaa kuuogelea. Miaka 30 hivi kabla alikuwa ameshashuka korongo huko Mexico kwa chelezo cha aina ya vita. Kutokana na siku ile kikazaliwa chombo kinachobebwa mgongoni, kilo mbili au tatu, ambacho wapenda nyika sasa wanakitumia kulala wiki nzima mbali na barabara.

Afrika nayo ilikuwa uwanja wa majaribio. Mwaka 1968 kikosi cha Waingereza chini ya John Blashford-Snell kilishuka Nile ya Buluu nchini Ethiopia kikitumia, pamoja na mashua ngumu, maboti madogo ya mpira. Mwanakikosi mmoja alizama. Maboti yalipinduka mara nyingi, yakakwaruzwa na miamba, yakazibwa usiku na kuingia majini asubuhi. Mwaka 1974 Blashford-Snell alirudi na maboti makubwa zaidi ya upepo kushuka Mto Kongo, akifuata njia ya mvumbuzi Stanley ya miaka 100 kabla. Walipita Lualaba, katika nchi za Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Mwaka 2004 Hendri Coetzee wa Afrika Kusini na wenzake walitoka chanzo cha Nile kule Jinja, Uganda, kwa maboti ya mpira, wakaenda hadi Bahari ya Mediterania. Ni miezi ya kulala kando ya mto wenye viboko na mamba, ukipita katika nchi zenye vita.

Huko kote kitambaa kilikuwa kinabadilika. Miaka ya 1950 kampuni ya DuPont ilileta Hypalon, mpira wa kutengenezwa kiwandani usioogopa jua, ambao ukipakwa nje ya kitambaa humudu miongo kadhaa. DuPont iliacha kuutengeneza mwaka 2010, na mafundi wakahamia kwa vifaa vya aina hiyo kutoka kwingine. PVC ni rahisi zaidi, na mishono yake inaweza kuchomelewa kwa joto badala ya kubandikwa. Njia hiyo imefuta kosa la boti la Frémont kwa kayaki nyingi. Lakini vilainishi vyake hutoka polepole, na baada ya miaka ya jua PVC hukakamaa na kupasuka mikunjoni. Kuna pia kayaki zenye vifuko vya ndani na gamba la nje la nailoni. Hizo mchanga huingia kati, hukaa, husaga.

Sakafu ngumu za leo, zenye maelfu ya nyuzi zinazounganisha tabaka la juu na la chini, zina asili ya ajabu. Mwaka 1956 kampuni ya Goodyear ilitumia kitambaa cha namna hiyo kujenga ndege ya kujazwa upepo, ikaruka. Ndege haikupata wanunuzi. Kitambaa kilipata, miongo kadhaa baadaye, kwenye kayaki na mbao za kusimamia majini, kwa kuwa hustahimili mgandamizo mara kadhaa zaidi ya mirija ya kawaida. Kadiri mgandamizo unavyopanda ndivyo mshono unavyobeba zaidi, na ndiyo sababu fundi mwenye busara hutazama mishono kwanza.

Kuhusu kuziba, mpiga kafi hana cha kufundishwa na kiwanda ambacho hawezi kufundishwa na fundi baiskeli wa kando ya barabara. Fundi huyo huzamisha mpira wa ndani kwenye beseni la maji, hutafuta mapovu, hukausha, husugua kwa msasa, hupaka gundi pande zote mbili, husubiri hadi gundi isishike tena kidole, ndipo hubandika na kugonga. Anayeharakisha hatua ya kusubiri hurudi kesho. Gundi ya PVC si ya Hypalon, na kosa hilo hujulikana umbali wa siku mbili kutoka dukani.

Halafu kuna jambo la usiku ambalo limewatia hofu wasafiri wengi kwenye safari yao ya kwanza. Kayaki iliyojazwa hadi mgandamizo wa bar 0.2 mchana wenye nyuzi 30 itakuwa na karibu bar 0.12 alfajiri ikiwa joto litashuka hadi 10, bila hewa hata kidogo kutoka. Ukiigusa ni laini kama andazi. Hakuna shimo, hewa imepoa tu na kujikunja. Kinyume chake, kayaki iliyojazwa sana asubuhi na kuachwa juani wakati wa chakula cha mchana hukaza mishono yake hadi inalia, na mishono mingi hufunguka hivyo, ufukweni, bila mtu ndani. Wenye uzoefu huilegeza wanapoipandisha nchi kavu, huigeuza kichwa chini kivulini, huondoa mchanga kwenye vali kwa pumzi kabla hawajaifungua.

Kunapokucha kwenye kambi ya namna hiyo, chai ikiwa bado jikoni, mtu mmoja hushuka na pampu. Humimina maji kidogo kwenye vali na mishono kuona kama yatatoa povu. Hayatoi. Hupiga pampu mara 10, mara 15, ubavu unakaza tena chini ya kiganja, kifuniko kinafungwa, na mizigo inaanza kushushwa.